Kabla hujaenda kuchanja na kabla hujaamini namba ya wagonjwa: mambo ya kuandaa mapema tuliopo Dodoma

Tangazo la ugonjwa wa mlipuko likitoka tu utaona watu wanakimbizana na mambo ambayo wangeyafanya mwezi uliopita wakiwa wametulia kabisa. Huyu anatafuta kadi ya mtoto kwenye masanduku, huyu anauliza zahanati gani ina chanjo, mwingine anahangaika na namba ya NIDA, mwingine anampigia shemeji yake aliyeko hospitali ambaye hata yeye siku hiyo hajui kitu. Ndo maana nawaandikia haya sasa ivi wakati hali imetulia, hasa nyie mliohamia Dodoma miaka hii michache na bado hamjajua kituo chenu cha afya ni kipi, na sisi wenyeji ambao tumezoea kwamba mtu wa kutuambia atapita tu na kipaza sauti.

Cha kwanza kabisa amua mapema habari utaipata wapi. Save 199 kwenye simu, ni namba ya bure ya Wizara ya Afya, unapiga hata kama huna salio. Tangazo la ugonjwa mpya nchini linatoka ngazi ya juu, Waziri wa Afya au Mganga Mkuu wa Serikali, na mara nyingine Rais mwenyewe. Lakini ratiba ya chanjo ya mtaani kwako haitoki huko, inatoka zahanati au kituo chako cha afya, na inakufikia kwa mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa kata na wale wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba. Watu wanachanganya haya mawili, mtu anasikiliza taarifa ya habari usiku anangoja aambiwe chanjo Nkuhungu ni lini, hawezi kuambiwa hapo. Kwaiyo chukua namba ya mhudumu wa mtaani kwako leo na ya nesi mmoja wa kituo chako kama yuko radhi kukupa. Wizara kuwa hapa kwetu Mtumba haimaanishi habari inafika Hombolo au Nzuguni haraka kuliko inavyofika Mbeya, tusijidanganye na hilo.

Na zile voisi noti za "nimetumiwa na ndugu yangu yupo wizarani", kabla hujaisambaza kwenye grupu la familia angalia vitu vitatu: tarehe, jina la ofisi iliyotoa taarifa, na eneo. Ukikosa hata kimoja iache. Picha nyingi za matangazo zinazozunguka ni za zamani, za ugonjwa mwingine au hata nchi nyingine, na mtu akishaogopa haangalii tarehe kabisa.

Sasa hili la namba nataka nilikalie kidogo maana ndipo watu wanapopotea. Ukisikia "wagonjwa" jiulize ni wa aina gani. Kuna wahisiwa, hawa wana dalili zinazofanana na ugonjwa ila vipimo bado. Kuna waliothibitishwa, hawa maabara imesema ndiyo. Halafu kuna kundi la katikati, wale ambao dalili na mazingira yanaonyesha kabisa ni ugonjwa huo ila hawakupimwa, mara nyingi kwa sababu walifariki na kuzikwa kabla sampuli haijachukuliwa. Chukua mlipuko wa Biharamulo, mkoani Kagera, wa Marburg, ule ugonjwa hatari wa virusi unaoambukiza kwa majimaji ya mgonjwa. Katikati ya Januari 2025 Wizara ilisema sampuli zilizopimwa hazikuonyesha Marburg, halafu tarehe 20 Januari Rais Samia akiwa hapahapa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), Dkt. Tedros, akatangaza kwamba mtu mmoja amethibitika. Watu wengi wakasema tumedanganywa. Lakini sampuli zinakuja kwa awamu na matokeo ya jana ni ya sampuli za jana, kesho sampuli nyingine ikipimwa inaweza kubadilisha habari yote. Mpaka mlipuko unatangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025 hesabu ilikuwa watu 10, wawili waliothibitishwa na 8 wa lile kundi la katikati, na wote 10 walifariki. Ukisoma "wawili" tu utadhani jambo lilikuwa dogo, na lilikuwa zito sana kwa familia zile.

Vilevile usishangae mlipuko kutangazwa umekwisha muda mrefu baada ya mgonjwa wa mwisho. Kwa Marburg waliotangamana na mgonjwa wanafuatiliwa siku 21, kwa sababu ugonjwa unaweza kukaa mwilini muda wote huo kabla ya kuonyesha dalili, na mlipuko unafungwa zikipita siku 42 bila mgonjwa mpya. Kwaiyo ukiwa umepokea mgeni ametoka eneo lenye mlipuko na mhudumu wa afya anapiga simu kila siku kuuliza joto la mwili, mpokee vizuri na umjibu ukweli, hakushuku wewe kuwa mchafu, anahesabu siku.

Wengine wanasema Kagera ni mbali. Mabasi ya kanda ya ziwa yanapita hapa kwenda Dar es Salaam, abiria wanashuka stendi Nanenane wanakula, wanapanda bajaji wanaingia mjini. Bunge likikaa tunapokea wageni wa mikoa yote, maonyesho ya Nanenane Nzuguni hivohivo, na sasa kuna treni ya SGR. Machi 2025 zilipotangazwa kesi 2 za mpox (homa ya nyani) nchini nilisikia watu hapa wanazungumza kama habari ya dunia nyingine. Mji wetu uko njiapanda, tujiandae kama watu wa njiapanda.

Na kabla hujauliza "chanjo yake iko wapi" uliza kwanza kama ipo. Marburg mpaka naandika hapa haina chanjo iliyoidhinishwa, hivyo mtu akija mtaani kukuuzia sindano ya Marburg huyo ni tapeli, toa taarifa kwa mtendaji. Surua ina chanjo nzuri tu na ya miaka mingi. UVIKO ilipata chanjo zake, sisi tulianza rasmi tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia alipochanjwa hadharani. Ugonjwa ambao hauna chanjo maandalizi yake ni mengine: maji na sabuni, kutogusa maiti na majimaji ya mgonjwa, kuwahi kutoa taarifa.

Haya, kadi. Kama nyumba yako ina watoto, kadi ya kliniki ndo kitu cha kwanza kwenye maandalizi yote haya na ningependa uinuke ukaiangalie kabla hujamaliza kusoma. Iko wapi, inasomeka, tarehe zimeandikwa, kuna nafasi iliyobaki wazi? Ratiba yetu iko hivi kwa kifupi: BCG (ya kifua kikuu) na matone ya polio akizaliwa, halafu chanjo nyingine wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu surua na rubela miezi 9 na tena miezi 18. Hiyo ya miezi 18 ndo inayosahaulika kuliko zote, mtoto ameshatembea, mama amerudi kwenye biashara zake sokoni Majengo, kliniki inaonekana ni ya vichanga. Dozi moja ya surua inaacha baadhi ya watoto bila kinga, ya pili ndo inawafikia hao, na surua ikiingia mtaa wenye watoto wengi wasiokamilisha inasambaa haraka mno.

Weka kadi kwenye mfuko wa nailoni, mbali na panya na mvua, piga picha kurasa zote na utume kwa mtu mwingine wa familia ili simu ikiibiwa picha ibaki. Kama imepotea usikae nyumbani kwa aibu. Rudi kituo alichochanjwa, wana rejista. Kama ulikuwa Mpwapwa au Kondoa na sasa uko Ilazo, piga simu huko wakuangalizie, au nenda kituo cha hapa ueleze unachokumbuka na nesi ataamua aendelee wapi. Dozi alizopata mtoto hazifutiki kwa sababu kadi imepotea au amechelewa, anaendelea alipoishia.

Sasa kitu ambacho kinawaudhi sana kina mama na kinaweza kuepukika kwa simu moja tu. Mama anatoka Mkonze au Ntyuka na jua lote hili, ana mtoto mgongoni, amelipa nauli, anafika anaambiwa rudi siku fulani. Anaona ni dharau. Sababu mara nyingi iko kwenye chupa yenyewe. BCG kwa kawaida inakuja chupa ya dozi 20, ni unga, ikishachanganywa na maji yake lazima itumike ndani ya masaa 6, ikibaki inamwagwa. Surua nayo ni hivohivo, ikifunguliwa haingoji kesho. Akiwepo mtoto mmoja tu nesi anapata kigugumizi, akifungua dozi nyingi zinapotea na mwisho wa mwezi chanjo inamwishia. Ndo maana vituo vingi, hasa vidogo, vinapanga siku maalum za kukusanya watoto. Kwaiyo swali la kuuliza kabla ya kutoka nyumbani sio "mna chanjo?" maana utajibiwa ndiyo tunazo, uliza "surua mnafungua siku gani?" Au BCG, taja jina. Hapo utapewa siku na saa. Na mi naona vituo vingebandika siku hizo mlangoni kwa maandishi makubwa, wengine wanafanya hivo na inasaidia sana.

Ndugu zetu wa vijijini Bahi, Chamwino na Chemba wanaotegemea huduma ya mkoba, yani nesi anawafuata na boksi la baridi, wanatakiwa waangalie na majira. Chanjo nyingi zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8 mpaka zinamfikia mtoto, na boksi haliwezi kukaa njiani siku nzima. Mvua zikianza Desemba makorongo yanajaa na pikipiki haipiti. Kama mtoto anafikisha miezi 9 Januari, kaeni na mhudumu mapema mjue mkoba utakuja lini na ukishindikana mtavuka wapi.

Wenye mabinti: chanjo ya HPV inayokinga saratani ya mlango wa kizazi inatolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na tangu Aprili 2024 ni dozi moja. Mara nyingi inapitia shuleni, hivyo ongea na binti kabla siku haijafika, mweleze ni ya nini. Yale maneno kwamba inaleta ugumba sio kweli, lakini akiyasikia kwanza kwa wenzake atakimbia siku hiyo na hautajua.

Kwa watu wazima mambo ni machache. Piga simu kwanza uulize kama chanjo unayoitaka ipo kituo hicho, iwe kituo cha afya Makole, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa, usiende kwa kuotea. Beba kitambulisho au namba ya NIDA, na kama ulishachanja UVIKO beba cheti maana zipo zilizokuwa dozi moja kama Janssen na zipo za dozi mbili kama Sinopharm, na watu wengi wamesahau walipata ipi. Kula kwanza, kunywa maji, vaa shati au gauni ambalo mkono unapanda mpaka begani. Mzee mwenye presha au sukari anywe dawa zake kama kawaida, asiziache eti kwa sababu anachanja, na aende nazo ili dokta azione. Sema wazi kama uliwahi kuvimba au kushindwa kupumua baada ya sindano yoyote, kama una mimba, au kama umeamka na homa kali. Ukishachanjwa kaa pale dakika 15 hata kama boda anapiga honi nje, maana mzio mkali ukitokea mara nyingi ni ndani ya muda huo na dawa yake iko kwa nesi. Mkono kuuma, uchovu na homa ya siku moja au mbili ni kawaida. Uso kuvimba, kubanwa pumzi au vipele mwili mzima, rudi hospitali mara moja.

Nyumbani weka ndoo yenye koki na sabuni mlangoni, na kwa vile maji yetu yanakuja kwa mgao, dumu mbili zijae muda wote. Kipima joto kimoja, pakiti za ORS (unga wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha), dawa za mwezi kwa mwenye ugonjwa wa kudumu. Namba ya bodaboda au bajaji anayepokea simu usiku. Kama mnaishi chumba na sebule kubalianeni sasa mgonjwa atalala wapi na nani atamhudumia, mmoja tu, sio kila mtu anaingia kumpa pole.

Na mkae kifamilia muongee. 2020 takwimu zetu za wagonjwa wa UVIKO ziliishia watu 509 zikaacha kutolewa, na kipindi kile cha ukimya kila nyumba ilijitafutia majibu yake, wengine wakashinda wanajifukiza huku mgonjwa anazidiwa. Bibi akitaka kujifukiza msimgombeze, ila mkubaliane kabisa kwamba mtu akianza kupumua kwa shida anapelekwa hospitali saa hiyohiyo. Baba kama ndo mwenye neno la mwisho nyumbani aseme leo kwamba watoto wachanjwe, ili siku wahudumu wakigonga mlango na yeye yuko safarini Dar, mama asiwaambie warudi kesho. Tarehe ya kurudi kliniki iandikwe ukutani kwa kalamu nene, na mdada wa kazi naye aonyeshwe kadi inakaa wapi.