Namna ya Kupanga Jiko Finyu kwa Kanuni za Margarete Schütte-Lihotzky

Kabla hujamwita seremala, pika mlo mmoja wa kawaida huku mtu wa nyumbani akihesabu hatua zako kutoka kabatini hadi mekoni, na kutoka mekoni hadi kwenye sinki. Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu majengo mzaliwa wa Vienna (1897–2000), alizipima kazi za jikoni kwa saa ya sekunde alipoajiriwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1926 na Ernst May, msanifu majengo mkuu wa mji huo, ambaye baadaye alikuja kufanya kazi Afrika Mashariki. Yeye mwenyewe alikiri kwamba kabla ya hapo hakuwahi kupika. Pengine ndiyo maana aliamini vipimo kuliko mazoea. Jiko alilolibuni, la mita 1.9 kwa 3.4, liliwekwa katika nyumba zipatazo 10,000.

Ukishapata hesabu yako, weka meza ya kukatia chini ya dirisha, pamoja na stuli ya kuzunguka na droo ndogo inayochomoka, ili maganda ya vitunguu yasukumwe humo kwa kiganja bila mpishi kuinuka. Juu ya sehemu ya kuoshea weka kichanja ambacho vyombo vitajikaushia vyenyewe. Mchele na sukari Schütte-Lihotzky alivitengea vidroo vya alumini vyenye mdomo wa kumiminia, lakini unga aliuweka katika mbao za mwaloni, zinazofukuza wadudu. Rangi ya buluu-kijani ya jiko lake, iliyosemekana kuwachukiza nzi, nisingeitegemea.

Urefu wa rafu kutoka sakafuni uufuate mwili wa mtumiaji. Alipokwenda Umoja wa Kisovieti mwaka 1930, kanuni hiyo aliihamishia kwenye shule za chekechea na samani za watoto, kazi ambayo kwa maoni yangu inastahili kutajwa kuliko jiko. Mwishoni mwa 1940 alirudi Vienna kuwasaidia wapinzani wa Wanazi, akakamatwa mwaka 1941 na kufungwa hadi 1945. Baada ya vita, ukomunisti wake ulimnyima kazi nyingi za serikali.

Dosari moja usiinakili: jiko lile lilimtosha mpishi mmoja tu. Kama kwenu wali wa shughuli hupikwa na watu watatu, chora mpango wako sakafuni kwa chaki, wasimame wote watatu ndani yake wakiwa na sufuria mikononi, kisha upanue pale viwiko vinapogongana.