Usiling'oe Yungiyungi Ukidhani ni Gugumaji

Mimea ikianza kutanda juu ya bwawa, mkono hukimbilia panga. Sina ugomvi na usafi, hasa kwa wakulima wa Mpeketoni, kaunti ya Lamu nchini Kenya, walio kando ya Ziwa Kenyatta. Ila yungiyungi, ua letu la asili, huondolewa pamoja na gugumaji, mgeni wa Amerika Kusini aliyesumbua wavuvi wa Ziwa Victoria miaka ya 1990.

Uvute mmea. Gugumaji huja zima, mizizi ikining'inia, maana linaelea tu, na vikonyo vyake vimevimba kama sifongo. Yungiyungi hugoma: kikonyo chake kirefu kimeshikwa na kiazi kilichozama topeni. Jani lake ni duara lenye mpasuko, limelala juu ya maji. Ua la buluu hufunguka asubuhi na kujifunga kabla ya jioni.

Chini ya majani hayo vifaranga vya perege huwakwepa mnandi na mdiria, ndege walao samaki. Kivuli hupoza maji na kupunguza mwani. Nyuki nao hufuata chavua, na ukiwa na matikitimaji au maboga jirani, unawahitaji kuliko unavyodhani.

Hata hivyo lisiachwe litawale. Bwawa la samaki linalotiwa samadi linahitaji jua, kwa sababu perege hula vijimea vidogo vinavyoyapa maji rangi ya kijani. Kwa maoni yangu, theluthi moja ya uso wa maji inatosha, tena upande mmoja. Ziada kata vikonyo chini ya maji, utoe kila kitu nje. Majani yakiozea ndani humaliza hewa ya samaki. Yafaa kwa mboji. Kiazi kiache.

Ukame ukirudisha maji nyuma, tope hutamanisha kulimwa mboga. Humo ndimo viazi vya yungiyungi vinasubiri mvua, na jembe huvimaliza. Acha angalau mita 6 kutoka maji yanapofika yakijaa, matete na ndago zizuie udongo. Bomba la dawa lioshwe mbali, ng'ombe wachotewe maji horini.

Bwawa jipya? Masika yakianza, omba kipande cha kiazi chenye chipukizi kwa jirani, kifukie topeni maji yanapofika magotini, kisha kiwekee jiwe kisielee.