Jinsi ya kujua mauzo ya duka lako la vitu vya mtumba yanapanda au yanashuka

Juzi nimekaa na dada mmoja mwenye duka la vitu vya mtumba vya nyumbani na ofisini pale Mbauda, alitaka kuchukua fremu ya pili ila hajui biashara inakua au la. Naweka hapa tulivyofanya, maana hapa Arusha wengi tunapima biashara kwa hela iliyopo kwenye droo, na droo haisemi ukweli.

Hatua ya 1: Kusanya rekodi
Kaunta buku, meseji za lipa namba, risiti. Miaka miwili angalau.

Hatua ya 2: Ingiza kwenye eksel
Eksel, sio zile app za mauzo. Zile zimetengenezwa kwa muuza sabuni, bidhaa moja inajirudia mara mia, sisi ukishauza lile kabati la mninga ndio limeisha hilo. Weka kolamu za tarehe, kitu, nyumbani au ofisi, bei mliyokubaliana, gharama yake (manunuzi, fundi, vanishi), halafu hela iliyopokelewa.

Hatua ya 3: Tenganisha mauzo na hela iliyoingia
Hapa ndipo tulipokesha. Kwenye daftari unakuta "mama wa Sakina kabati 180 bado 60", kurasa kadhaa mbele kuna "mama Sakina 30", haijaandikwa ni ya nini. Ukijumlisha kila namba unayoiona, kabati moja unalihesabu mara mbili na mwezi wa kukusanya madeni utaonekana ndio mwezi wa mauzo kumbe hujauza hata stuli.

Kanuni yangu: mauzo yanaandikwa siku mteja anapobeba mzigo, kwa bei yote mliyokubaliana, hata kama kalipa nusu. Hela anazoleta baadaye zinaingia kolamu ya kupokea tu. Sasa kama ameweka advansi na sofa bado iko dukani kwako, hayo sio mauzo bado, anaweza kughairi ukamrudishia. Mtu akileta friji yake kuukuu akaongeza laki mbili akachukua kubwa ya laki nne, usiandike mauzo laki mbili, andika laki nne, na ile friji kuukuu iandike umeinunua laki mbili. Friji ikirudishwa kwa sababu haigandishi, futa mauzo kwenye mwezi uliouza, sio mwezi iliyorudi. Hela ya kirikuu (kile kigari cha kubebea mizigo) ambayo mteja amekupa umpe dereva sio yako, isiingie. Na vitu vya watu mnavyowauzia kwa kamisheni, chako ni ile kamisheni peke yake, hiki wenye maduka wengi hawakitaki kabisa maana kinapunguza namba, lakini ukiweka bei nzima unajidanganya.

Hatua ya 4: Weka pembeni mizigo ya mkupuo
Mji huu una ofisi nyingi za mashirika, na mradi ukiisha vitu vinatoka kwa pamoja. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyokuwa kwenye jengo la mikutano la AICC, ilifungwa 31 Desemba 2015, taasisi kubwa kama ile ikiondoka wanaohama wanauza mpaka mapazia. Tuseme Machi umeuza vitu vya kawaida 2,400,000 halafu ukapata viti 40 vya ofisi ukaviuzia shule kwa 5,200,000. Aprili ukiuza 2,500,000 grafu inakuonyesha umeanguka vibaya wakati mauzo ya kawaida yamepanda. Kwa hiyo mstari mmoja wa kawaida, mwingine wa mkupuo.

Hatua ya 5: Linganisha mwezi na mwezi uleule wa mwaka jana
Januari wazazi wako kwenye ada, Aprili ni masika na lo sizoni, watu wa utalii wengi hawana hela. Ukilinganisha Aprili na Machi unapata presha ya bure.

Hatua ya 6: Toa mfumuko wa bei
NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu) wanatoa takwimu kila mwezi, mwaka 2024 wastani ulikuwa kama asilimia 3. Yaani ukitoka milioni 30 kwa mwaka ukafika milioni 30.9 bado uko palepale.

Hatua ya 7: Angalia nyumbani na ofisi kila moja peke yake, mauzo na faida
Usiishie kwenye mauzo. Meza za ofisi bei yake kubwa ila zinakaa, zinakula nafasi, na mtaji umelala humo. Kwa yule dada vitanda, makabati na majiko ndiyo yamepanda miaka yote miwili, ofisi ukitoa mkupuo imeshuka. Basi fremu anachukua, lakini ya vitu vya nyumbani tu, na meza za ofisi nimemwambia asinunue tena bila kuwa na mteja mkononi.