Kuchuja uongo kwenye data za RNA za seli moja moja

Ukiona seli T zina jeni ya himoglobini, HBB, usikimbilie kuandika makala. Ikijitokeza kidogo kidogo kwenye kila kundi la seli, hiyo ni RNA ya chembe nyekundu zilizopasuka wakati sampuli inaandaliwa. Uongo wa data hizi ni wa namna kadhaa, na kila mmoja una chanzo chake na dawa yake.

Hapa tutatumia seli nyeupe za damu zenye kiini kimoja cha mviringo, yaani PBMC, zilizopita kwenye mashine ya 10x Genomics, ambayo hufunga kila seli kwenye tone lake lenye msimbo wake. Data zake zinapatikana bure na kompyuta mpakato ya kawaida inazimudu. Tumia R au Python, upendavyo.

1. Anza na jedwali ghafi

Cell Ranger, programu ya 10x ya kuhesabu RNA, hukupa majedwali mawili: ghafi na lililochujwa. Wengi hufuta lile ghafi kuokoa nafasi. Usilifute. Limejaa misimbo ya matone ambayo hayakubeba seli yoyote, na hayo ndiyo yatakayokuonyesha ni RNA gani ilikuwa ikielea kwenye kimiminika. Wenyewe tunaiita supu.

Panga misimbo kuanzia yenye UMI (alama za kuhesabia molekuli za RNA) nyingi hadi yenye chache, kisha uichore kwa skeli ya logi pande zote mbili. Mstari utatambaa juu, uporomoke kama genge, halafu utambae tena chini. Juu ya genge ni seli, chini kabisa ni matone matupu. Kazi ipo kwenye mporomoko wenyewe, maana huko seli ndogo zenye RNA kidogo zimechanganyika na matone matupu. emptyDrops, iliyomo kwenye kifurushi cha DropletUtils, huchukua matone yenye UMI 100 kushuka chini kuwa kielelezo cha supu, kisha hupima kama kila tone lililobaki linatofautiana nayo kweli. Mimi huweka FDR, yaani kiwango cha makosa ninayovumilia kati ya matone yanayoitwa seli, kuwa 0.001.

2. Punguza supu

Programu za SoupX na CellBender zote zinafaa. SoupX ni nyepesi, ila inataka uwe umeshagawa seli kwenye makundi ya awali. Usiamini asilimia ya supu inayokupa kabla hujachungulia mwenyewe: chora LYZ na S100A8, jeni za monosaiti, ndani ya seli T, kabla na baada ya kusahihisha. Zinatakiwa kufifia. Kisha chora CD3D, jeni ya seli T zenyewe, kwenye seli T hizohizo. Nayo ikififia, umekamua kupita kiasi.

3. Ondoa seli zilizokufa

Utando wa seli ukitoboka, RNA ya nje ya mitokondria huvuja na ile ya ndani ya mitokondria hubaki, kwa hiyo asilimia ya RNA ya mitokondria hupanda. Kwa binadamu, jeni 13 za protini za mitokondria huanza na MT-. Kwa panya ni mt-, herufi ndogo. Ukitafuta kwa herufi kubwa utapata sifuri kwa kila seli, na programu haitalalamika; utadhani sampuli yako ni safi ajabu.

Kile kikomo cha asilimia 5 kinachonakiliwa kila mahali kinafaa PBMC. Seli za misuli ya moyo zimejaa mitokondria. Ukizikata hapo utabaki na majirani zake tu. Na wanaoshughulika na vimelea vya malaria wakumbuke kwamba mitokondria ya Plasmodium ina jeni 3 tu za protini. Afadhali utafute mediani ya kila sampuli, na ukate kilicho mbali nayo kwa MAD 3 (MAD ni mediani ya umbali kutoka kwenye mediani) au zaidi.

4. Seli mbili kwenye tone moja

Kwenye kemia ya 10x ya toleo la 3, kadiria asilimia 0.8 ya matone yenye seli mbili kwa kila seli 1,000 unazopata. Ukipata seli 10,000, tegemea kama asilimia 8. Si kidogo.

Programu za Scrublet na scDblFinder hutengeneza seli mbili bandia kwa kujumlisha seli halisi, kisha hutafuta seli zako zinazofanana nazo. Ziendeshe sampuli moja moja, kabla ya kuziunganisha: seli zilizopita njia tofauti za chipu haziwezi kuwa zilikutana kwenye tone. Seli mbili za aina moja zitakuponyoka, ila hizo haziundi kundi jipya la uongo.

Kundi lenye CD3D na MS4A1 kwa pamoja, yaani seli T na seli B, nalitilia shaka papo hapo. Lakini monosaiti zenye PPBP, jeni ya chembe sahani, zichunguze kwanza, kwa kuwa chembe sahani hugandana na monosaiti ndani ya damu yenyewe. Na usikate kila seli yenye jeni nyingi ukidhani ni mbili. Seli zinazotengeneza kingamwili zitaondoka nazo.

5. Mwisho, hesabu

Kama ulianza na tishu iliyomeng'enywa kwa vimeng'enya, tazama pia FOS, JUN na HSPA1A: huwaka seli zikisumbuliwa. Kisha andika idadi ya seli zilizoondolewa katika kila hatua, kwa kila sampuli. Sampuli moja ikipoteza nyingi kuliko wenzake, rudi kwenye grafu ya genge kabla ya kugusa kizingiti chochote.