Boti kubwa ya kuvulia na familia: ichague kwa safari ya kurudi

Mtu anayehama kutoka ngalawa kwenda chombo kikubwa huuliza urefu kwanza. Tuanze na upepo. Wakati wa upepo wa kusi, asubuhi bahari imetulia na watoto wanafurahi; ikifika saa nane mchana upepo umekaza, na anayerudi Mtwara kutoka nje ya ghuba anaupa uso njia nzima. Chombo cha familia kipimwe kwa saa hiyo. Kwenda, hata mtumbwi unakwenda.

Hatua ya 1: Jumlisha mzigo

Chukua familia ya watu sita. Watu wazima wawili kilo 150, babu 65, watoto watatu 90: jumla 305. Mashine ya HP 15 karibu kilo 40, petroli lita 25 kama kilo 19, maji ya kunywa 20, barafu 20, nanga na kamba 15. Umefika kilo 419 na hujavua hata changu mmoja.

Marekani wana hesabu rahisi kwa boti zisizozidi futi 20: urefu kwa futi, zidisha kwa upana, gawa kwa 15. Futi 18 kwa 6 inakupa watu 7. Hiyo ni ya bahari shwari. Kama mnatoka nje ya mdomo wa ghuba, toa wawili. Kwa hiyo familia yetu ya watu sita inataka futi 20 kwa 6 na zaidi, na ukilazimika kupunguza, punguza urefu kabla ya upana.

Hatua ya 2: Aina ya chombo

Ngalawa haipinduki kirahisi kwa sababu ya matengo yake, yale magogo ya pembeni, ila tumbo lake ni jembamba. Mtoto hana pa kukaa wala kulala. Dau limechongoka omo (mbele) na tezi (nyuma), hivyo mashine hufungwa ubavuni na chombo huvutwa upande mmoja muda wote. Kwa familia inayotaka mashine, baki na mashua yenye tezi bapa au boti ya faiba. Mashua ni nzito na hutulia kwenye mawimbi, lakini inadai kalafati, yaani kuzibwa upya nafasi za mbao, kila mwaka. Faiba ni nyepesi, inakula mafuta kidogo, ila ikiwa tupu inarukaruka.

Hatua ya 3: Ikague ikiwa juu ya mchanga

Usikague chombo kikiwa kinaelea. Subiri maji ya bamvua, yale maji makuu ya mwezi, yapwe, kilale mchangani, uende na kisu chenye ncha, tochi na kitambaa. Rangi iliyopakwa jana isikufurahishe. Iliyochakaa inasema mengi zaidi.

Kwenye mashua, anza na ubao wa kwanza kando ya mkuku, ule mti mkuu wa chini. Bonyeza ncha ya kisu kila baada ya shubiri moja. Mbao nzima inakirudisha kisu, iliyooza inakipokea. Kikizama nusu sentimita bila nguvu, ubao huo ni wa kubadilishwa. Tafuta pia vitundu vidogo kama kichwa cha pini. Ni mlango wa wadudu wa baharini: nje hakionekani kitu kingine, ndani wamechimba njia pana kama kidole. Ukiona vitundu vitatu vinne karibu karibu, achana nacho hata kama bei ni ya kutupa.

Uozo wenyewe mara nyingi hauanzii chini. Huletwa na maji ya mvua yanayotuama, kwa hiyo mulika ncha za mataruma (mbavu za ndani) na pembe za ubao wa tezi. Michirizi ya kutu chini ya vichwa vya misumari ina maana misumari inalika. Futa kwa kitambaa, kisha shika ubao uutikise: ukicheza, msumari hauna kazi tena.

Kwenye faiba, gonga ganda zima kwa sarafu. Sauti kavu na kali ni nzima; sauti butu kama ya boga ina maana tabaka zimeachana au maji yameingia. Gonga zaidi kwenye ubao wa tezi, kwa kuwa ndani yake huwa kuna mbao. Simama, shika mashine kwa juu, uivute na kuisukuma. Tezi ikiyumba au nyufa zikafunguka pembeni, mbao ya ndani imeoza, na kuibadilisha ni kazi kubwa.

Hatua ya 4: Mashine

Pima kimo cha tezi. Mashine ya mguu mfupi inataka karibu sentimita 38, ya mguu mrefu 51. Mguu mfupi kwenye tezi ndefu: pangaboi linanyonya hewa, mashine inapiga kelele na boti haiendi. Mguu mrefu kwenye tezi fupi: inakokota na kurusha maji ndani.

Iwashe ikiwa majini. Kijimkondo cha maji ya kupoozea kitoke mara moja, tena kwa nguvu. Kikidondoka tu, mpira wa pampu umekwisha au njia imeziba kwa chumvi.

HP 15 ya kuchanganya oili, ikikazwa mwisho, hula kama lita 6 hadi 7 kwa saa. Theluthi ya mafuta ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi haiguswi.

Hatua ya 5: Jaribio

Jaza maji madumu 15 ya lita 20, hizo ni kilo 300. Yapange pale watakapokaa watu, kisha pima ubavu uliobaki juu ya maji sehemu iliyo chini kabisa. Chini ya sentimita 40, punguza watu. Toka upepo ukiwa umeamka, elekea upepo nusu saa, rudi, angalia maji yaliyoingia ngamani, chini kabisa ndani ya chombo.

Mashua iliyokaa juani wiki mbili itavuja siku ya kwanza, hata ya pili, mpaka mbao zinywe maji na kufunga. Ikiendelea siku ya nne, kalafati imekufa.

Hatua ya 6: Karatasi

Namba ya ubavuni ilingane na ya kwenye karatasi, na jina liwe la muuzaji. Leseni ya uvuvi, anzia kwa afisa uvuvi wa halmashauri. Usalama wa vyombo uko chini ya TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Mikindani: Shikamoo fundi. Nina mashua ya futi 22. Nikifunga HP 40 badala ya 15 si nitawahi kurudi?*

Marahaba. Hapana. Mashua hiyo inakata maji, haipandi juu yake, na kwa urefu huo mwendo wake wa raha ni kama noti 6, yaani maili 6 za baharini kwa saa. Ukizidisha nguvu, tezi inazama, omo inainuka, unachoma petroli ukitengeneza mawimbi. HP 15 inatosha. Fedha inayobaki nunua kafi mbili na upo wa kufulia maji.

*Mwanachama, Lindi: Watoto wangu wana miaka 4 na 7. Jaketi moja la kuelea la ukubwa wa kati litawafaa wote kwa zamu?*

Dada, usifanye hivyo. Jaketi huchaguliwa kwa uzito: chini ya kilo 15 la wachanga, kilo 15 hadi 43 la watoto. Kila mmoja awe na lake, lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Bila huo mkanda mtoto huteleza chini, jaketi likabaki juu peke yake. Livaliwe tangu ufukweni. Na hapo kwenu, maji yanapotoka ghubani huku kaskazi ikivuma kuingia, mawimbi husimama wima mdomoni. Subirini maji yageuke.

*Mwanachama, Shangani: Kamba ya nanga mita ngapi?*

Kwa maji ya mita 10, mita 50 hadi 70, na mnyororo wa mita 2 au 3 mbele ya nanga. Kamba fupi huinyanyua nanga badala ya kuilaza, ndiyo maana inakokota. Tia kwenye mchanga, si juu ya matumbawe. Bamvua hapa inapanda zaidi ya mita 3, kwa hiyo kina ulichopima asubuhi si cha mchana.

*Mwanachama, Msimbati: Familia inaweza kuvua mshipi popote huku kwetu?*

Huko ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, na ina kanda zenye masharti tofauti. Kaka, pita ofisi ya hifadhi uoneshwe mipaka kwenye ramani kabla hujatia boti majini.