Namna ya Kupima Dai la Tiba Kabla ya Kulisambaza

Mwaka 2011 maelfu ya watu walifunga safari hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kunywa kikombe cha dawa ya miti shamba kilichotolewa kwa shilingi 500 na mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, nacho kikasemekana kutibu UKIMWI, kisukari na maradhi mengine sugu. Siku hizi dai la namna hiyo hukufuata nyumbani, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, likiambatana na sauti ya mtu anayeapa kwamba amepona.

Anza kwa kutenganisha kupata nafuu na kupona. Shinikizo la damu mara nyingi halina dalili, kwa hiyo anayesema hasikii chochote huenda bado analo vilevile. VVU ni mfano mgumu zaidi. Mtu anayemeza ARV kwa uaminifu hufikia hatua ambapo kipimo cha wingi wa virusi hakivioni. Akiziacha, virusi kwa kawaida huanza kuongezeka tena ndani ya wiki chache, lakini mwili unaweza kukaa miezi, hata miaka, bila kuonyesha ugonjwa. Ushuhuda mwingi hutolewa katika kipindi hicho hicho, tena bila nia yoyote ya kudanganya, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu msikilizaji hutafuta dalili za uongo usoni mwa msemaji asizione. Uliza badala yake: alipimwa lini, kwa kipimo gani, na je, alikuwa ameacha dawa za hospitali au alikuwa akizichanganya?

Kisha uliza wako wapi waliokunywa wasipone. Aliyekufa hatumi ujumbe wa sauti. Mafua nayo huisha yenyewe baada ya siku kadhaa, hivyo chochote kilichonywewa siku ya nne hupewa sifa; ndiyo maana watafiti huwagawa wagonjwa kwa kura katika makundi mawili, wanaopewa dawa na wasiopewa, wakalinganisha matokeo.

Usidhani kwamba kuhoji ni kudharau mitishamba. Artemisinini, iliyomo katika dawa mseto ya malaria, ilitokana na mmea uliotajwa katika maandiko ya kale ya Kichina, na mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kuigundua. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai ya majani ya mmea huo kutibu malaria, kwa kuwa kiasi cha dawa ndani yake hakitabiriki.

Kwa dawa inayouzwa dukani, angalia usajili wake kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) nchini Tanzania, au kwa Bodi ya Famasia na Sumu nchini Kenya.

Ikiwa aliyesambaza ni mkubwa wako, usimsahihishe mbele ya kundi zima, mpigie simu. "Shikamoo shangazi, huyo aliyepona alipimwa wapi baada ya kunywa?" ni swali lisilomvunjia heshima, nalo humwachia nafasi ya kulitafuta jibu mwenyewe. Usiusambaze tena ujumbe huo ukiwa umeuandikia "uongo", maana wengi watasikiliza sauti na kuliruka neno lako. Lakini mgonjwa akiwa tayari ameacha dawa zake, usingoje mjadala uishe: mpeleke kliniki, na amweleze mhudumu waziwazi alichokunywa, kwa kuwa baadhi ya mitishamba hubadili utendaji wa dawa.