Kuchagua rangi ya kudumu kwa vipuri vya alumini vya kuchongesha

Wengi huanza kwa kubishana nyekundu au bluu. Rangi iache iwe ya mwisho.

Hatua ya 1: Ijue alumini yako. Kipuri kilichochongwa kwenye aloi ya 6061, mchanganyiko wa kawaida wa alumini ya kuchonga, hupokea anodaizi vizuri (tabaka gumu linaloteshwa kwenye alumini kwa umeme ndani ya asidi, kisha likatiwa rangi), na rangi hutoka safi. Cha kusubu, yaani kilichomiminwa kwenye kalibu, kama vifuniko vingi vya valvu, kina silikoni nyingi. Anodaizi yake hutoka kijivu yenye mabaka. Hicho kipige rangi ya unga, ile inayonyunyiziwa ikiwa kavu kisha ikaokwa. Kama kimechomelewa, uliza namba ya waya wa kuchomelea uliotumika: mshono wa 4043 huwa kijivu kizito kwenye asidi ya anodaizi, wa 5356 hukaribiana rangi na kipuri.

Hatua ya 2: Joto. Puli na breketi hazina taabu. Karibu na ekzosi, rangi ya anodaizi hupauka na ya unga huungua. Hapo tumia rangi ya seramiki.

Hatua ya 3: Vipimo. Nawasihi, hapa msiharakishe. Anodaizi ya rangi ina unene wa mikroni 10 hadi 25 hivi (mikroni 1,000 ni milimita moja), na sehemu yake huingia ndani ya chuma chenyewe. Rangi ya unga ni mikroni 60 hadi 120, yote juu. Tundu la beringi likipata mikroni 80 kila upande, kipenyo kimepungua milimita 0.16, na beringi haiingii tena. Ziba matundu, nyuzi za bolti na uso wa gasketi. Ziba pia panapokaa kichwa cha bolti, maana rangi ya unga hubonyea na bolti hulegea.

Hatua ya 4: Maandalizi. Anodaizi haifichi mkwaruzo hata mmoja, kwa hiyo maliza msasa kwanza. Toa beringi, pini na kila kipande cha feleji, asidi itavila. Kipuri cha kusubu kitangulie kuokwa kitupu ili mafuta yaliyojificha kwenye vitundu yatoke; usipofanya hivyo rangi ya unga itaota malengelenge.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, kifuniko changu chekundu cha anodaizi kimepauka baada ya kukiosha kwa dawa ya grisi. Fundi kanipunja?*
Soma lebo ya dawa kwanza. Ikiwa ina kostiki soda, hiyo hula tabaka la anodaizi. Osha kwa sabuni isiyo kali.

*Nimefunga nyumba mpya ya thamostati, nyeusi ya anodaizi. Geji ya joto imekufa.*
Anodaizi haipitishi umeme. Sensa ya waya mmoja hupata ethi (njia ya umeme kurudi kwenye injini) kupitia nyuzi zake, na sasa njia imefungwa. Pitisha tapu, kifaa cha kukatia nyuzi, kwenye tundu hadi alumini tupu ionekane, ufunge tena.

*Nikichoka na rangi, naweza kuvua na kurudia?*
Unaweza, ila kila ukivua anodaizi alumini nayo inapungua. Kwa breketi si neno. Kwa puli yenye tundu la beringi, pima kabla hujarudia.